Kigeuza masafa cha kujitengenezea: transista mbili, aisii moja au diodi nne?

Ukinunua gari lililotumika Japani, mara nyingi redio yake ya FM inaishia 90 MHz, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Fundi anachomeka kidude kidogo kati ya antena na redio, stesheni zinaingia, unamlipa, mnaagana. Watu wanakiita ekspanda. Kazi yake ni kuteremsha masafa ya juu mpaka pale redio ile inapoweza kuyasikia. Kwa hiyo huenda tayari una kigeuza masafa ndani ya gari lako na hujawahi kukifikiria. Hapa nazungumzia ndugu yake: kile kinachochukua masafa mafupi, yaani SW, na kuyaleta kwenye redio ambayo haikutengenezwa kuyapokea.

Nimetengeneza vya aina tatu, na vyote vitatu bado vipo mezani kwangu. Kimoja kina transista mbili, kingine kina aisii moja (IC, kipande kimoja chenye saketi nzima ndani yake) na kristali (kipuri kinachotetema kwa masafa yasiyobadilika), cha tatu kina miksa, yaani kichanganya mawimbi, ya diodi nne na kinapeleka mawimbi kwenye kompyuta. Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza kipi ni bora, wakitegemea nitaje kimoja. Mimi huwarudishia swali: una redio gani nyumbani? Kigeuza masafa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni redio itakayopokea, na ndiyo inayoamua kama utasikiliza habari kwa raha au utakesha ukisikiliza mluzi.

Kanuni ni moja kwa vyote. Ukichanganya mawimbi mawili, yanazaliwa mengine mawili: jumla yao na tofauti yao. Chukua stesheni ya Zanzibar, ambayo kwa miaka mingi imesikika kwenye 11735 kHz kutoka mitambo ya Dole. Ndani ya kigeuzi weka kristali ya 11059.2 kHz. Toa ndogo kwenye kubwa: 675.8. Sasa washa redio ya kawaida ya AM, weka karibu na 676, na Zanzibar imo. Hakuna uchawi, ni hesabu ya kutoa.

Redio utakayoiunganisha

Redio ndogo ya mfukoni yenye AM inaonekana ndiyo rahisi, kwa sababu huna haja hata ya kuifungua. Unaizungushia waya mizunguko 8 au 10 upande wenye kijiti cheusi cha feraiti, na kijiti kinapokea kile kinachotoka kwenye kigeuzi. Shida ni kwamba kijiti hichohicho kinaendelea kupokea stesheni za masafa ya kati kutoka hewani. Kama unaishi karibu na mtambo wa AM, utasikia sauti mbili kwa pamoja, na ni vigumu kukiambia kijiti kiipuuze moja.

Redio ya gari ni hadithi nyingine. Imefungwa ndani ya sanduku la bati, haina kijiti, na inasubiri mawimbi kutoka tundu moja tu la antena. Sehemu yake ya AM imetengenezwa kusikia stesheni dhaifu gari likiwa porini. Na hizi redio za magari ya Japani, ambazo wenye magari wanazing'oa ili waweke skrini kubwa, hupokea AM kuanzia 522 hadi 1629 kHz bila tatizo lolote. FM yake ndiyo iliyomkera mwenye gari. Kwetu sisi haina habari. Uliza kwa mafundi wa redio za magari. Mara nyingi zimerundikwa chini ya meza.

Ina kasoro moja ambayo sikuiona mpaka iliponigharimu wiki nzima ya kutafuta ubovu usiokuwepo. Redio za gari za namba zinaruka kwa hatua za 9 kHz, lakini stesheni za masafa mafupi hupangwa kwa hatua za 5. Nikitumia kristali ya 8867.2 kHz, stesheni ya 9650 inaangukia 782.8, na redio ina 783: safi kabisa. Stesheni ya 9655 inaangukia 787.8, katikati ya 783 na 792. Ukisimama huku inakwaruza, ukisimama kule inakwaruza. Nilibadilisha kapasita, nikalehemu upya kila kiungo, nikailaumu kristali, kumbe kila kitu kilikuwa kizima. Ndiyo maana nasema: ukikutana na redio ya gari ya zamani yenye mshale na kifundo cha kuzungusha, usiiache. Mshale unasimama popote unapotaka.

Cha tatu ni SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu: kile kidude cha USB kilichozaliwa kwa ajili ya kutazama TV kwenye kompyuta. Nitakifikia.

Transista mbili

Hiki ndicho cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachofundisha zaidi. Transista moja inazalisha mawimbi ya ndani, ya pili inayachanganya na yale ya antena. 2N3904 zinatosha. Ukitaka bora zaidi, fungua kile kisanduku cha bati cha kunasia stesheni ndani ya TV ya chogo. Nyingi zina transista za aina ya BF960 au BF961, zenye mageti mawili. Antena inaingia geti moja, mawimbi ya ndani geti jingine, na hayasumbuani kama yanavyosumbuana ndani ya transista ya kawaida.

Faida yake kubwa ni uhuru. Mawimbi ya ndani yanatoka kwenye koili na kondensa ya kuzungusha, kwa hiyo kigeuzi kimoja kinaweza kutembea bendi zote bila kununua kristali hata moja. Lakini uhuru huo ndio unaokiponza. Koili yangu niliizungusha kwenye bomba la kalamu, na kila nikisogeza mkono stesheni inahama. Usiku dirisha likiwa wazi, upepo ukipoza meza, taarifa ya habari iliyoanza vizuri inaondoka polepole mpaka unasikia mluzi tu. Kuifunika koili kwa bati na kuimwagia nta kunasaidia, ila hakumalizi tatizo. Tena transista ya kawaida inayochanganya bila kizuizi hurudisha mawimbi yake kwenye antena, na jirani mwenye redio ya SW atakusikia.

Kwa kusikiliza kila siku, sikushauri. Kwa kijana anayetaka kuelewa kwa mikono yake kinachotokea ndani ya redio, sijui njia bora kuliko hii.

Aisii moja na kristali

Hapa ndipo ningemweka mtu yeyote anayetaka kusikiliza. Aisii inaitwa SA612. Ya zamani yake ni NE602. Ina miguu 8, na ndani yake kuna miksa iliyosawazishwa pande zote mbili pamoja na transista ya kuzalishia mawimbi. Inakula kama milliampea 2.4 tu. Antena inaingia mguu wa 1, na wa 2 unashushwa ardhini kupitia kapasita. Kristali inakaa mguu wa 6 na kapasita mbili za pF 100 hivi kati ya 6, 7 na ardhi. Mawimbi yaliyogeuzwa yanatoka mguu wa 4 au wa 5. Na badala ya kupunguza mawimbi inayakuza, kama desibeli 17. Ukihesabu vipuri vyote havifiki ishirini.

Umeme wake uheshimu. Inataka volti 4.5 hadi 8. Aisii yangu ya kwanza niliiunganisha moja kwa moja na betri mpya ya volti 9, ambayo ukiipima ikiwa mpya inazidi hata hizo 9. Ilipokea kwa dakika chache, kisha kimya. Weka 78L05, kidhibiti cha volti 5, mbele yake, au tumia betri nne za tochi, jumla volti 6, na usifikirie tena. Betri moja ya lithiamu kama zile za simu haitoshi, maana kwa kawaida ikijaa kabisa inafika kama 4.2 tu.

Sasa kristali, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Watu huokota kristali ya 8 MHz kwa kuwa ipo kila mahali, wakitegemea bendi ya mita 31 (bendi huitwa kwa urefu wa mawimbi yake). Fanya hesabu kabla hujalehemu: 8000 ukijumlisha mwisho wa redio, 1629, unapata 9629. Bendi ya mita 31 inaanza 9400 na kufika 9900, kwa hiyo nusu yake nzima umeiacha nje. Hizi ndizo zinazobeba bendi nzima:

| Kristali (MHz) | Bendi (kHz) | Itatokea kwenye AM (kHz) |
|---|---|---|
| 5.000 | mita 49: 5900–6200 | 900–1200 |
| 6.000 | mita 41: 7200–7450 | 1200–1450 |
| 8.867 | mita 31: 9400–9900 | 533–1033 |
| 11.0592 | mita 25: 11600–12100 | 541–1041 |
| 12.288 | mita 22: 13570–13870 | 1282–1582 |
| 14.318 | mita 19: 15100–15800 | 782–1482 |
| 16.384 | mita 16: 17480–17900 | 1096–1516 |

Baadhi yake huhitaji hata kununua. Ile ya 8.867 ni mara mbili ya masafa ya rangi ya mfumo wa PAL, na utaikuta ndani ya baadhi ya TV za chogo. Ya 14.318 ipo kwenye bodi za kompyuta za zamani. Ya 11.0592 inapendwa na watengenezaji wa bodi zinazowasiliana kwa waya wa siriali, na ukienda kwa wauza vipuri vya elektroniki Kariakoo, au mtaa wa Luthuli pale Nairobi, itaje hivyohivyo na tarakimu zake zote. Ukisema "kristali ya kumi na moja" utapewa nyingine.

Jambo la pili la kuangalia ni pacha. Kristali ikiwa 11059, redio iliyowekwa 676 haisikii 11735 peke yake. Inasikia pia 10383, kwa kuwa tofauti ni ileile, upande wa chini. Kila stesheni ina pacha wake hivyo. Uzuri ni kwamba kristali nyingi za kwenye jedwali zina mapacha walio nje ya bendi za matangazo, mahali penye utulivu. Isipokuwa ya mwisho. Stesheni ya 17500 kwa kristali ya 16384 inaangukia 1116, na pacha wake ni 15268, ndani kabisa ya mita 19, bendi iliyojaa. Usipochuja vizuri kabla ya aisii, utasikia mita 19 ukidhani uko mita 16, na utaandika kwenye daftari lako stesheni ambazo hazipo.

Kichujio chenyewe si kigumu. Chukua pete nyekundu ya aina ya T50-2, izungushie waya wa enameli mizunguko 30, na uunganishe na kondensa ya kuzungusha ya pF 140 kutoka redio mbovu. Inakupeleka toka karibu 6.4 MHz mpaka kama 13. Kwa bendi za juu punguza mizunguko iwe 18. Juu yake weka mizunguko 3 ya antena na mizunguko 8 ya kwenda kwenye aisii, usiunganishe aisii juu ya koili nzima, la sivyo inaizima makali na kichujio kinakuwa pana kama mlango. Ukizungusha kondensa, kelele inapanda ghafla mahali pamoja. Hapo ndipo bendi ilipo.

Udhaifu wa SA612 ni mmoja, na ni wa kweli: haivumilii mawimbi makali. Ukiifungia waya wa mita 30 jioni, wakati mita 41 na 31 zimejaa, inaanza kuchanganya stesheni zenyewe kwa zenyewe na unasikia mikutano ya watu waliotengana maelfu ya kilomita. Weka potenshometa ya kilo-omu 1 kwenye antena na uipunguze mpaka mkorogano uishe. Stesheni unayoitaka itashuka kidogo, uchafu utashuka zaidi. Mimi ya kwangu huwa nusu, karibu kila jioni.

Diodi nne na kompyuta

Mwaka 2012 ilijulikana wazi kwamba vidude vya bei rahisi vya kutazama TV, vyenye aisii ya RTL2832U, vinaweza kutoa mawimbi ghafi na kuwa redio ya kila kitu. Vyenye kinasio cha R820T huanza karibu 24 MHz kupanda juu, kwa hiyo masafa mafupi karibu yote yanabaki chini ya sakafu yao. Hapa kigeuzi kinafanya kazi kinyume: hakiteremshi, kinapandisha. Unachanganya antena na 125 MHz kutoka kwenye kile kikopo kidogo cha osileta, yaani kizalisha mawimbi, chenye miguu minne, na Zanzibar ya 11.735 inahamia 136.735. Programu unaiambia itoe 125, na namba inasomeka ilivyo hewani.

Miksa ni diodi nne zilizopangwa duara na transfoma mbili ndogo. Waweza kuzisokota mwenyewe, lakini kwa 125 MHz mimi nilinunua iliyo tayari, ADE-1, maana usawa wa diodi na waya ndio unaoifanya iwe na thamani. Inapoteza kama desibeli 5 badala ya kukuza. Usiogope hasara hiyo. Kwenye masafa mafupi kelele inayotoka angani na mitaani ni kubwa kiasi kwamba hutaitambua. Unachopata badala yake ni uvumilivu: miksa hii inastahimili mawimbi makali kwa kiwango ambacho SA612 haikaribii.

Na lile suala la pacha linakwisha karibu lote. Pacha wa 11.735 hapa ni 261.735, mbali kabisa, na kichujio kimoja cha kupitisha chini ya 30 MHz kinatosha kwa bendi zote. Hakuna kuzungusha kondensa. Unaona bendi nzima ya mita 25 kwenye skrini kwa mara moja, stesheni zikiwa zimesimama kama miti ya mnazi ufukweni, unagusa unayoitaka. Wanaopenda redio za ridhaa wanapata pia sauti za SSB, yaani zinazorushwa kwa upande mmoja tu wa mawimbi, ambazo redio ya gari haiwezi kuzifungua.

Angalizo la mjini: usichague osileta ya 100 MHz. Nilianza nayo kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, nikakuta stesheni za FM zimejaa kati ya sifuri na 8 MHz, zikiwa zimepenya moja kwa moja ndani ya kidude bila kupita kwenye kigeuzi. 125 inakutoa kwenye FM. Hapo utasikia labda rubani mmoja mmoja akiongea na mnara, si zaidi. Hata hivyo funga kila kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Bati lake linashika risasi ya kulehemu vizuri, na unaweza kulehemu soketi ya antena moja kwa moja ukutani mwake.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wataitaja: kuacha kigeuzi na kuunganisha antena kwenye miguu ya 4 na 5 ya RTL2832U yenyewe. Inafanya kazi. Ila aisii hiyo inapima kwa kasi ya 28.8 MHz, na kila kilicho juu ya nusu yake, 14.4, kinakunjwa na kurudi chini. 15100 inaonekana pia kwenye 13700. Mita 19 na mita 22 zinalaliana. Kama hamu yako ni mita 49 hadi 25 tu, njia hiyo inakutosha.

Nani achukue kipi

Mzee wangu wa Pangani, ambaye anataka kukaa barazani na kusikiliza, nilimpa aisii moja, kristali mbili na swichi, pamoja na redio ya gari ya mshale na betri ya pikipiki. Hana kompyuta ya kuwasha, hana programu ya kusasisha. Anabonyeza, anazungusha, anasikia. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna mashindano.

Kama una kompyuta au simu inayokubali kidude cha USB, na unapenda kuwinda stesheni za mbali kuliko kusikiliza moja, chukua diodi nne. Hasa kama unaishi mjini karibu na minara, maana hapo uvumilivu wa miksa ndio kila kitu. Kompyuta itumie kwa betri yake, chaja ikiwa imechomolewa.

Mkaazi wa jirani na mtambo wa AM asijaribu redio ya mfukoni kabisa. Na mwenye transista tu na hamu ya kujifunza aanze leo, vipuri vyake viko ndani ya TV iliyokufa stoo.

Chochote utakachochagua, hakuna kati ya vitatu kitakachokuokoa na chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, king'amuzi na kidhibiti cha sola. Vyote hivi vinapiga kelele kwenye masafa mafupi, na kigeuzi kitazileta kelele hizo kwa uaminifu uleule kinaoletea habari. Kabla ya kutundika antena, shika redio yoyote ya AM, iweke mahali pasipo na stesheni, uzunguke nayo nyumba nzima ndani na nje. Itakuonyesha chanzo cha kelele kiko wapi na kimya kiko wapi. Kwangu kimya kilikuwa nyuma ya jiko la nje, mita 15 kutoka kwenye mita ya umeme. Nikatundika waya wa mita 12 kutoka kwenye mwembe, nikapigilia chuma cha ardhi chini yake, na waya wa antena ya TV ndio unaoleta mawimbi mpaka chumbani.